Gharama ya Safari Iwe ya Ligi, Isiwe ya Timu

Barua ya wazi kwa Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF), kwa chama cha mpira wa miguu cha Mkoa wa Lindi na kwa chama cha mpira wa miguu cha Wilaya ya Kilwa

Likawage, Kilwa

Ndugu viongozi,

Mimi ni katibu wa timu ya mpira ya kijiji huku Likawage, na daftari la timu liko mbele yangu ninapoandika. Ni daftari la shule, jalada lake limeshonwa upya kwa uzi wa gunia. Mbele nimeandika majina ya wachezaji, nyuma nimeandika michango. Mtu akitaka kujua kwa nini timu za kata kama yetu hazifiki mbali, asianze na majina. Aanze nyuma.

Kuna ukurasa mmoja wenye michango ya siku nane. Elfu mbili, elfu moja, mia tano, elfu tano ya mwenye mashine ya kusaga, sado ya mahindi ikauzwa, kuku mmoja akauzwa. Jumla shilingi 512,000. Chini yake ni matumizi. Kukodi Fuso kwenda na kurudi, 420,000. Ada ya ushiriki, 50,000. Ikabaki 42,000 ya kulisha watu 22 kwa siku nne. Gawanyeni wenyewe: haifiki shilingi 500 kwa mtu kwa siku, na hapo hakuna senti ya dawa wala ya maji.

Mashindano yenyewe yalichezwa kwenye kituo kimoja, huko pwani kwenye lami. Sitataja waandaaji wala mwaka, kwa sababu sina nia ya kumshitaki mtu. Tuliondoka saa nane usiku. Kipa wetu tulimpitia shambani, akashuka dunguni na tochi yake mkononi, maana usiku ule ilikuwa zamu yake kulinda mahindi tembo wasiingie. Alipanda gari bila kulala. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo, na mahali penye udongo mweusi Fuso likazama mpaka kwenye ekseli. Vijana walishuka, wakavua viatu, wakakata matawi na kuyalaza chini ya matairi, wakasukuma. Likatoka, likazama tena mbele kidogo. Ilipofika saa nne asubuhi bado tulikuwa tunasukuma, na mechi yetu ilikuwa saa kumi alasiri.

Tulifika saa kumi na dakika arobaini. Wenzetu walikuwa wameshapewa pointi tatu na mabao matatu ya mezani. Mwamuzi alikuwa anakunja kamba ya filimbi yake. Nahodha wetu alisimama katikati ya uwanja na tope limekauka mpaka magotini, hakusema neno, akaokota mpira wa watoto waliokuwa wanacheza pembeni, akaupiga mara moja kuelekea golini, kisha akaenda kukaa chini ya mwembe.

Kanuni ilifuatwa. Mwamuzi hakutuonea, na timu iliyopewa pointi haikutuibia. Tulilala kwenye darasa, kesho yake tukatoka sare ya bao 1–1 na timu ambayo baadaye ilichukua kombe, keshokutwa tukafungwa 2–0 miguu ikiwa imekwisha. Tukarudi. Kwenye jedwali imeandikwa kwamba tulishika mkia.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza tulifungwa na nani. Yule aliyechukua kombe tulicheza naye dakika 90 hakutufunga. Kilichotufunga ni njia, tena kabla mpira haujaanza. Mashindano yoyote ambayo mwenye uwanja karibu analala kwake, anakula kwa mama yake na kufika kwa mguu, na mwenye kutoka bara anatumia karibu kila alichochangisha kwa ajili ya kufika tu, yanapima umbali wa nyumba na uwanja. Mpira unapimwa kidogo tu, kwa kile kilichobaki.

Kwa hiyo ombi langu ni moja, na mengine nitakayosema yanalizunguka hilo. Naomba gharama ya safari iwe ya ligi, isiwe ya timu.

Nieleze. Tuchukue ligi ya timu nane. Tuseme safari zote za timu zote nane, ukizijumlisha, zinagharimu shilingi 1,600,000. Leo hii timu mbili zilizo jirani na uwanja hazilipi kitu, au zinalipa nauli ya bodaboda. Timu ya mbali inalipa laki nne na ushehe. Mimi naomba kila timu iweke 200,000 kwenye mfuko mmoja kabla ratiba haijatoka, na mfuko huo ndio ulipe magari ya kila timu kulingana na kilometa zake. Fedha ni zile zile. Hakuna hata shilingi moja inayoombwa Dodoma. Kinachobadilika ni nani anabeba mzigo, na mzigo ukibebwa na wanane hauvunji mgongo wa mmoja.

Najua wenzetu wa lami watalalamika. Watasema, kwa nini tuwalipie watu wa porini? Nawajibu kwa heshima: kwa sababu ubingwa mnaoutaka ni wa wilaya, na wilaya inafika mpaka huku. Bingwa aliyezishinda timu zilizoweza kufika ni bingwa wa waliofika. Na isitoshe, nawaomba nao waje kwetu.

Hilo ni jambo la pili. Kituo kimoja kina faida yake, sikatai: waamuzi ni wachache, kamisaa ni mmoja, mashindano yanaisha kwa wiki. Lakini yanainyima timu ya kijijini kitu ambacho kila mchezaji wa mpira anakijua thamani yake, yaani mechi ya nyumbani. Timu yetu inaweza kucheza ngazi ya wilaya miaka yote bila mama wa mchezaji kumwona mwanawe hata siku moja. Ninyi hamjaona mechi ya Likawage siku wageni wanapokuja. Kuanzia saa sita watu wanatoka vitongojini, wengine kwa baiskeli na mtoto mbele, mtoto nyuma. Wanawake wanakaanga mihogo na maandazi kando ya uwanja. Kamba ya katani inavutwa kuzunguka mistari, na mistari yenyewe ni majivu. Wazee wanakaa upande wa kivuli, na mzee akitukana refa wajukuu wanamshika mkono. Sahani inapitishwa, na sahani hiyo, siku moja tu, imewahi kurudi na fedha ya kutosha kununua mipira miwili. Pigeni hesabu hiyo pia. Mechi inayochezwa kijijini inajilipia sehemu ya gharama zake, na mchango wa hiari wa mtu aliyeona mchezo ni mwepesi kuliko ule ninaougongea hodi mlango kwa mlango.

Tupangwe basi kwa kanda. Timu za bara zicheze kwanza na majirani zao, nyumbani na ugenini, pwani nao vivyo hivyo, halafu washindi wa kanda wakutane. Nanjirinji wakija kwetu na sisi tukienda kwao, tunasafiri sote katika barabara ya vumbi na hakuna anayemzidi mwenzake. Hatua ya mwisho ichezwe kituoni, sawa, lakini kwa mfuko wa safari nilioueleza, na timu zifike siku moja kabla.

Na kalenda. Sijui kama aliyewahi kupanga ligi ya ngazi ya chini katika mkoa huu aliwahi kumuuliza mkulima wa ufuta. Mvua zetu zikianza mwishoni mwa mwaka, huendelea kwa vipindi mpaka Aprili au Mei. Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, hata barabara kuu ya lami ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika huko Somanga, magari yakalala barabarani. Ikiwa lami ilikatika, fikirini ya kwetu. Baada ya mvua tunavuna ufuta, na minada ikianza ndipo mtu ana fedha mfukoni. Julai mpaka Septemba njia ni kavu, vijana hawamo dunguni, na mchango wa elfu tano hauumi. Ligi ikiwekwa Machi, mnatuita wakati hatuna njia, hatuna fedha wala hatuna usingizi.

Sasa niseme juu ya fedha za juu, kwa sababu mtaniuliza kwa nini nalia na nauli tu.

Mpira wa Tanzania leo una fedha kuliko wakati wowote ninaoukumbuka. Mwaka 2021 TFF ilisaini na Azam Media mkataba wa haki za matangazo wa miaka 10, shilingi bilioni 225.6. Mwaka huo huo benki ya NBC ikaingia kudhamini Ligi Kuu. Matunda tumeyaona na tumeyashangilia, mimi nikiwemo, kwenye kibanda cha video kilichojaa mpaka watu wakakaa madirishani: Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023, Simba fainali ya kombe hilo hilo 2025. Sitaki klabu hizo zipunguziwe hata kidogo kile zilichokipata kwa jasho.

Lakini daftari langu ni la miaka kadhaa, na hakuna ukurasa hata mmoja wenye mstari ulioandikwa kwamba fedha imetoka juu. Huku chini tunachangia kwenda juu bila sisi wenyewe kutambua. Vijana wetu wanaweka mikeka kwa simu, tena wengi kuliko ninavyopenda, na sehemu ya kodi ya kubeti huko inaelekezwa kwenye Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Gesi ya Songo Songo, kisiwa cha wilaya hii hii ya Kilwa, inazalisha umeme Dar es Salaam tangu mwaka 2004. Ufuta wetu unalipa ushuru. Hatuombi hisani, tunaomba tuhesabiwe.

Na ubaya wa kutuacha nyuma hauishii kwetu. Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965. Miaka ya nyuma ubingwa uliweza kutoka nje ya Dar es Salaam: Mseto ya Morogoro mwaka 1975, Tukuyu Stars mwaka 1986, Coastal Union ya Tanga mwaka 1988, Mtibwa Sugar mwaka 1999 na 2000. Tukuyu Stars waliufanya muujiza ule wakiwa wageni wa ligi, timu ya mji mdogo wa milimani huko Rungwe. Baada ya Mtibwa, robo karne nzima, kombe limekuwa la Simba, la Yanga, na mara moja la Azam mwaka 2014. Zote za Dar es Salaam. Siamini kwamba watoto wa mikoani walisahau mpira mwaka 2001. Naamini ngazi za chini zilizokuwa zikiwapandisha zimekatika vipande, na sisi tulio kwenye kipande cha chini kabisa ndio tunaoona kilipokatikia.

Nasikia jibu lenu kwa mbali: mbona Namungo? Namungo ni ya Ruangwa, mkoa wetu wenyewe wa Lindi. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019, mwaka uliofuata ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nyumbani na kufungwa na Simba 2–1 Sumbawanga, kisha ikaingia hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2020/21. Siku hizo huku tulivaa jezi za Namungo kama zetu, na fahari ile haijanitoka. Lakini Namungo ilikuwa na uwanja wake Ruangwa, na ilikuwa na mlezi, Kassim Majaliwa, aliyekuwa mbunge wa Ruangwa na Waziri Mkuu wakati huo. Nampongeza kwa kuipenda timu ya nyumbani kwake, na laiti kila mbunge angefanya hivyo. Hata hivyo mfumo wa mashindano haupangwi kwa kutegemea mlezi. Mlezi ni bahati njema, na bahati haigawanywi kwa kata. Ndanda ya Mtwara, jirani zetu, walipanda Ligi Kuu mwaka 2014, wakakaa misimu sita, wakashuka 2020. Kusini ina wachezaji. Inachokosa ni sakafu ya kusimamia pale mlezi anapokuwa hayupo.

Jambo hili halitusumbui sisi peke yetu. Ireland wana mpira wao wa asili, wanaucheza kwa mikono na miguu, na wachezaji wake hawalipwi mshahara ingawa fainali inajaza uwanja wa Croke Park wa watu zaidi ya 80,000. Kila kaunti ina timu yake inayowania ubingwa. Sasa kaunti ya Dublin ina watu zaidi ya milioni moja, na Leitrim ina kama 35,000, lakini zote zilikuwa zikitupwa katika mashindano yale yale. Dublin wakachukua kombe mara sita mfululizo, kuanzia 2015 mpaka 2020. Watu wakaanza kuuliza maswali, hasa juu ya ruzuku ya kufundishia watoto ambayo makao makuu yalikuwa yakiipa Dublin kwa wingi kuliko kaunti nyingine. Mwaka 2022 wakaanzisha kombe la ngazi ya pili, Kombe la Tailteann. Kilichonigusa mimi ni kwamba fainali ya hao wadogo inachezwa Croke Park pale pale, na bingwa wake anaingia na wakubwa mwaka unaofuata. Bado wanabishana mpaka leo kuhusu mfumo, na wabishane. Wameziweka hesabu hadharani, kila mtu anaona nani amepewa nini.

Hilo la hesabu nalo naliomba. Kila mwanzo wa msimu, chama cha wilaya na cha mkoa vibandike ukutani karatasi moja: timu zimelipa ada kiasi gani, mdhamini akiwepo ametoa nini, waamuzi wamelipwa ngapi, kimebaki nini. Karatasi moja tu. Sisemi kuna aliyekula. Nasema kwamba mtu anayechangisha kuku kijijini anatakiwa arudi na jibu kwa mwenye kuku. Kwenye vijiji vyetu vya Kilwa tumezoea hesabu za wazi. Kikole na Kisangi walipata cheti cha kimataifa cha usimamizi wa misitu mwaka 2009 kwa sababu ya kuitunza na kuivuna misitu yao ya mpingo kwa utaratibu, na mapato yanasomwa kwenye mkutano wa kijiji watu wakiwa wamekaa chini wanasikiliza. Ikiwa gogo la mpingo linasomewa hesabu, mpira utashindwaje?

Nisiwasahau wasichana. Oktoba 2022 Serengeti Girls walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana wa chini ya miaka 17 kule India, na huku kwetu watoto wa kike wa darasa la sita walianza kuja uwanjani jioni bila kuitwa na mtu. Wapo wanaocheza vizuri sana. Ila kwa wao nauli ni kubwa mara mbili, kwa sababu hakuna mzazi atakayemruhusu binti apande juu ya Fuso saa nane usiku na kulala kwenye darasa lisilo na komeo. Wanahitaji gari la mchana, mwanamke wa kufuatana nao na mahali pa heshima pa kulala. Mfuko wa safari usipowafikiria tangu mwanzo, tutakuwa tumewafungia mlango kwa adabu.

Ndugu viongozi, mimi si mtaalamu wa kuendesha ligi. Huenda mfuko wa pamoja una matatizo ambayo siyaoni kutoka huku niliko. Inawezekana kanda mbili zikawa nyingi au chache. Nitafurahi kukosolewa na mtu aliyeketi na hesabu akazipitia. Nisichoweza kukubali tena ni kwenda kuwaambia vijana kwamba wameshindwa, ilhali najua kwamba asubuhi yote walikuwa wanasukuma lori.

Kipa wetu ameoa sasa, ana shamba lake mwenyewe na dungu lake mwenyewe, lakini bado yumo. Jina lake ni la kwanza kwenye daftari. Yapo majina 22. Picha za pasipoti za usajili zimepigwa 14, mpiga picha anapita huku mara moja kwa mwezi na siku aliyokuja wanane walikuwa shambani. Atarudi wiki ya pili ya mwezi ujao. Nikipata barua yenu kabla ya hapo, hata kama ni ya mistari miwili, nitaisoma kwenye mkutano wa kijiji, kisha nitaanza kupita nyumba kwa nyumba.

Wenu katika mpira,

Katibu wa timu
Likawage